Mjane wa Mwamba

Mama Bernardo hakuitikia shikamoo yangu.

Mwanzo nilidhani hakusikia, maana basi lililomleta kutoka Handeni lilikuwa bado linanguruma nyuma yake, na kuku wa abiria wanapiga kelele juu ya paa. Nikapiga goti kidogo, nikarudia. "Shikamoo mama." Akanitazama nywele zangu, akazitazama tena, kana kwamba sina uso wala miguu, halafu akamgeukia mama yangu mzazi.

"Twendeni dukani," akasema. "Jua kali."

Haya. Mimi Lea binti Lukasi, niliyeamka Ngombezi kabla ya jogoo, nikajipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko, nikavaa gauni la maua ambalo Bernardo husema linampa homa, nikatembea mpaka Korogwe kununuliwa nguo za harusi na mama mkwe wangu mtarajiwa, nikapokewa hivyo. Bernardo mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, ameshika mwavuli wa mama yake. Nilimtafuta kwa macho. Macho yake yalikuwa kwenye ncha za viatu vyake.

Barazani kwa Hassanali, fundi cherehani na wapagazi wa stesheni walikuwa wakibishana juu ya jambo lilelile ambalo Korogwe nzima ilikuwa ikibishania mwezi ule.

"Amekufa!"

"Hajafa. Maiti umeiona?"

"Nimeona kitambaa chake kinaelea mtoni."

"Kitambaa! Mimi nikioga mtoni shuka langu likichukuliwa na maji, utanichimbia kaburi?"

"Kufa, afe," akasema fundi cherehani, huku mguu wake unakanyaga mashine bila kusimama. "Watu wanakufa. Mimi namlaumu kwa jambo moja tu. Yule mwanamke kamngoja muda wote ule, kashindwa kumwonyesha uso? Angekivua kile kitambaa hata mara moja, basi, ndipo azame."

"Angekivua nguvu zingemwisha, fundi! Treni ingeanguka!"

"Basi treni ipite, halafu akivue."

Hassanali akatoka nje, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. "Ondokeni barazani kwangu na maiti yenu! Kila siku Mwamba, Mwamba. Jana mtu kaniletea gazeti kalikunjakunja, ananiambia nimbadilishie, nimpe lile ambalo Mwamba yuko hai. Mimi nauza gazeti, si mimi niliyemuua!" Kisha akatuona. "Karibu mama, karibu. Karibu bibi harusi. Sakarbai! Lete ile satini nyeupe!"

Sakarbai, mkewe, alikwishaitenga. Aliitandaza juu ya meza kwa viganja viwili, nyeupe mpaka dari la bati likapata mwanga. Nilisahau kwamba sikuitikiwa. Nikainama niiguse.

Mama Bernardo akaitangulia mikono yangu. Aliikunja satini ile taratibu, akairudisha upande wa Sakarbai, akaelekeza kidole rafu ya juu kabisa, penye vitambaa vyeusi.

"Ile kaniki," akasema.

Sakarbai akacheka, akidhani ni utani. "Kaniki ya nini siku ya harusi, mama? Kwani bwana harusi kafiwa?"

"Bwana harusi hajafiwa. Aliyefiwa ni bibi harusi."

Mama yangu akanishika mkono.  Kwa Bernardo sikuwa na haja ya kutazama. Nilijua tayari anatazama viatu.

Inabidi nieleze, ingawa kueleza kwenyewe kunaniudhi.

Mwamba hakuwa mtu. Alikuwa michoro. Gazeti la Nuru ya Mwezi lilitufikia kwa treni kila mwezi, na kurasa zake za mwisho zilikuwa na hadithi ya picha ya fundi mmoja wa kuziba masufuria, mpole, asiyesalimiwa na mtu. Shida ikiwafika watu, fundi huyo alijifunga kitambaa cheusi usoni akawa Mwamba. Risasi ikimpiga inadondoka chini. Lori analiinua kama mwanamke anavyoinua ndoo. Zaina, muuguzi aliyempenda, hakuwahi kuuona uso wake, maana Mwamba akivua kitambaa mbele ya mtu mmoja tu, nguvu zinamwisha.

Pale Ngombezi wengi walikuwa hawajui kusoma, wakataji mkonge waliotoka bara mbali na wake zao. Kwa hiyo Jumapili mchana walikusanyika kwenye tangi la maji, na Bernardo, karani wa mizani pale korona, kwenye mashine ya kusaga mkonge, alisimama juu ya sanduku akawasomea. Alikuwa na sauti huyo kijana! Akisema maneno ya Mwamba, watoto wananyamaza, mbwa wananyamaza. Siku ya kwanza alikwama kwenye maneno ya Zaina, akayasoma kwa sauti nyembamba watu wakacheka mpaka wakalala chini. Ndipo akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimebeba ndoo na shughuli zangu.

"Wewe mwalimu wa watoto, unajua kusoma. Njoo uwe Zaina, uniokoe na aibu."

Nikaenda. Na mwezi uliofuata nikaenda, na uliofuata. Tulishika gazeti moja, yeye ukingo huu na mimi ukingo ule. Siku moja maneno yalikuwa, "Usinishike mkono, Zaina, nitashindwa kuondoka." Bernardo akalishusha gazeti. Akayasema bila kusoma, ananitazama. Wanawake wakaguna "Eeeeh!" kwa pamoja, na baba yangu, mzee Lukasi, nyapara wa wakataji, akakohoa kikohozi kilichosikika mpaka kambi ya pili. Sijawahi kupendwa hadharani namna ile. Nilirudi nyumbani na ndoo tupu.

Yeye Mzigua wa Handeni, mimi Msambaa wa Vugiri, na wazee wa pande zote mbili walikuwa na ya kusema. Kwetu walisema Handeni hakuna maji, nitakonda. Kwao walisema wasichana wa mlimani wanajua mno kusoma na hawajui kulima kwenye jua kali. Tuliwachosha. Mahari ikapokewa, siku ya kanisani ikatajwa.

Halafu Mwamba akafa.

Ilikuwa mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa. Gazeti lilikuja na picha yake kwenye jalada, lakini sisi tulifunua moja kwa moja nyuma. Mto umefurika, daraja la reli linavunjika, treni imejaa watu inakuja. Mwamba anaingia majini, analibeba daraja mgongoni. Treni inapita. Daraja linaanguka na yeye chini yake. Picha ya mwisho kabisa ni Zaina ukingoni, na kitambaa cheusi kinaelea. Chini yake, neno moja: Mwisho.

Bernardo alilisoma neno hilo. Hakuna aliyeondoka.

"Mwisho wa nini?" akauliza mkataji mmoja. "Geuza ukurasa."

"Hakuna ukurasa."

"Karani, usitufiche. Geuza!"

Bernardo akawageuzia. Nyuma kulikuwa na tangazo la sabuni. Lo! Watu wazima, wanaume wanaobeba mkonge kutwa mgongoni bila kusema ah, walikasirika kama wameibiwa. Mmoja akasema risasi hazikumwingia, iweje maji? Mwingine akasema mchoraji kahongwa. Bibi mmoja akajifunga kanga tumboni akaanza kulia, eti kijana wa watu hana hata mtoto. "Na huyu Zaina je?" akasema mama mwingine, kwa hasira, ananitazama mimi kama ndimi niliyechora. "Atamwombolezaje mtu asiyemjua sura?"

Ndipo Habakuki akasimama. Habakuki alikuwa Mnyamwezi, na kwa kuwa Wanyamwezi na Wazigua ni watani, hakukuwa na msiba wa Mzigua pale kambini ambao hakuuvuruga kwa mizaha yake, akilala kaburini, akiiga mwendo wa marehemu, akidai kuku ndipo wamzike mtu wao. "Mtu wetu amekufa, halafu mnarudi majumbani kupika?" akapiga kelele. "Jumapili ijayo tunamzika!"

Na kweli tulimzika. Wakachanga maharage na mahindi. Bernardo akaja mjini kununua kitambaa cha marekani cha sanda, wakalivika gazeti, wakalichimbia nyuma ya tangi. Habakuki akalala shimoni akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Kila kitu kilikuwa kama msiba wenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa kwenye mkeka.

"Mjane yuko wapi?" wakauliza.

"Mjane huyu hapa," akasema Bernardo. Akanishika bega mbele ya watu wote. "Kwani Zaina ni nani mwingine?"

"Sitaki," nikamwambia. "Ule mkeka si wa kuchezea."

"Lea, ni mchezo. Nitazame. Kaa kidogo tu, kwa ajili yangu."

Kwa ajili yake nikakaa. Wakanifunika kanga. Wanawake wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, pole mama, pole mama, na mmoja wao alikuwa Swaumu wa Handeni, jirani wa Mama Bernardo, aliyekuja kumtembelea mumewe akanikuta nimeshakalishwa. Swaumu alicheka kuliko wote. Akala maharage kuliko wote. Kisha akapanda basi, akarudi kwao na habari.

Basi, hivyo ndivyo nilivyofiwa.

"Lete kaniki," Mama Bernardo akarudia.

"Mama mwenzangu," mama yangu akasema, kwa ile sauti ya Vugiri ambayo hupanda kidogo kidogo kama njia ya mlima, "binti yangu ni msichana. Hajaolewa na mtu, atafiwa na nani?"

"Alikaa mkekani, hakukaa?"

"Alikaa. Lakini ni mchezo wa kambini. Wamezika karatasi!"

"Alipewa pole, hakupewa?"

 Mama Bernardo akavuta kigoda akakaa, na nilipomtazama vizuri niliona midomo yake inatetemeka. Nilijiandaa kukutana na ukali. Ule haukuwa ukali, na hilo lilinivuruga zaidi.

"Nisikilizeni," akasema. "Mimi nimezika waume wawili. Wa pili ni baba yake huyu. Nilikaa kwenye huo mkeka mara mbili, nikanyolewa mara mbili, nikavikwa nguo hiyo nyeusi. Handeni mpaka leo kuna mwanamke hachoti maji kisimani baada yangu, anangoja mwingine achote katikati. Wakiniona wanasema, yule anakula waume. Sasa mwanangu mmoja niliyebaki naye anaoa, naambiwa bibi harusi amekwishakaa mkekani kabla ya kukaa kwenye kiti cha harusi. Ujane umekuja kwanza. Nifanyeje? Nicheke kama Swaumu?"

 Hata barazani ubishi ulikuwa umepungua.

"Sikatai ndoa," akaendelea. "Atolewe ujane kwanza, kama mjane mwingine yeyote. Anyolewe, avae kaniki, bibi mmoja wa kwetu amwogeshe mtoni, nguo za siku ile zitupwe njia panda. Halafu nitampokea."

"Sikucheka mama," nikasema. "Siku ile. Swaumu kama amekuambia nilicheka, amekudanganya."

Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Nani alikuweka pale, mwanangu? Maana mtu hajipeleki mkekani. Nani alikutaja?"

Nikamgeukia Bernardo.  Bernardo akafungua mwavuli, akaufunga.

"Mama, naomba niseme na Lea kidogo nje," akasema.

Tulisimama mwisho wa baraza, penye magunia ya chumvi. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, na Mungu anisamehe, hata saa ile nilitaka kumfuta.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua atakuja na maneno haya."

"Barua yake ilinifikia Jumatano."

"Na hukuniambia. Umeniacha nijipake mafuta."

"Niliona atapoa akikuona. Lea, sikiliza. Ni nywele tu. Nywele zinaota."

"Bernardo!"

"Chini ya shela nani ataona?"

Nilimtazama kijana yule aliyewanyamazisha mbwa. Sauti ilikuwa ileile. Nilishangaa mdomo ule ule unaweza kutoa maneno madogo namna hii.

"Nywele zangu nitampa," nikasema. "Kaniki nitaivaa. Mtoni nitaingia. Mama yako ana hofu ya kweli, nimeiona, na mimi si mtu wa kucheka hofu ya mama wa mtu. Nitafanya yote. Lakini umwambie ni nani aliyenikalisha pale. Hilo tu."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu itakuwa mbaya zaidi! Hujui mama. Akisikia ni mimi nimemtaja mchumba wangu kuwa mjane, kwa mdomo wangu, atasema nimejiitia kifo. Hatataka ndoa kabisa. Akidhani ni wanawake wa kambini, atakusafisha tu, yaishe. Nakulinda, Lea."

"Unanilinda kwa kunitupia lawama mimi?"

"Nitamwambia baadaye. Tukishaoana. Tukishapata mtoto, mama atakuwa amelainika."

"Na mpaka hapo, kila ukiumwa kichwa atanitazama mimi. Ukipata homa, ni mimi. Lori likikukosa kidogo barabarani, ni Lea aliyekimbilia mkekani. Nitakula chakula gani katika nyumba ile?"

"Unakuza mambo."

"Unajua nililia siku ile?"

Akageuka kutazama magunia.

"Chini ya kanga. Watu walidhani naigiza vizuri. Nilikuona umebeba ile sanda, umeinamisha kichwa, nikawaza, ingekuwa ni yeye? Ingekuwa ni Bernardo wanamlaza pale? Nikalia mpaka kanga ikalowa. Sikumlilia Mwamba. Nilikulilia wewe."

Macho yake yakajaa maji. Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kwa kitambo kidogo alirudi, Bernardo wangu wa tangi la maji. Mkono wake ukatafuta wangu kati ya magunia.

"Nitamwambia," akanong'ona.

"Sasa?"

"Sasa. Twende."

Tuliporudi ndani, kaniki ilikuwa imeshakatwa na kulipiwa, imelala mezani pale satini ilipokuwa. Fundi cherehani alikuwa ameacha mashine yake na kuegemea mlango, wapagazi nyuma yake. Mama Bernardo alinyanyua uso.

"Mama," akaanza Bernardo.

"Ndiyo, mwanangu."

"Umeuliza nani alimtaja Lea."

"Nimeuliza."

Nikamwomba kimoyomoyo. Sema. Sema tu, hata vibaya, hata kwa kigugumizi. Nitakubebea mimi mengine yote. Mama yake alikuwa amemtazama kwa yale macho mawili yaliyozika waume wawili, na nilimwona Bernardo anaingia ndani ya macho yale na kuwa mtoto.

"Ni wale wanawake wa kambini," akasema. "Walimchagua wao. Na Lea naye hakukataa."

Na Lea naye hakukataa! Hilo alilitoa wapi? Hakuna aliyemwomba aongeze.

Hassanali akashusha miwani yake puani. "Lakini wewe Bernardo, siku uliyokuja kununua marekani ya sanda hapa kwangu, si wewe mwenyewe uliniambia..."

"Bwana Hassanali," nikamkatiza. "Tafadhali. Usiseme."

"Lakini binti, huyu..."

"Nakuomba. Neno hilo halina ladha likitoka kwako."

Sakarbai akamshika mumewe kiwiko. Mama Bernardo akatupa macho huku na huku. "Anasema nini huyu? Bernardo, ulimwambia nini? Marekani gani?"

"Hakuna kitu, mama," akasema Bernardo.

Nilikuwa nimempa nafasi, na mtu mwingine akampa nyingine bila kuombwa. Zote mbili alizipitisha kama mtu anayemkwepa mdai wake barabarani. Nilihisi kitu kinanitoka mwilini, polepole, bila maumivu. Maumivu yalikuja baadaye, na hayakuja na haraka ya kuondoka.

Nikaichukua kaniki mezani. Ilikuwa mpya, ina harufu kali ya rangi. Nikaifungua, nikajifunga kifuani juu ya gauni langu la maua, nikakaza fundo. Sehemu iliyobaki nikajitupia kichwani.

"Si hapa, mwanangu," Mama Bernardo akasema, ameshtuka. "Ni mpaka bibi awepo. Ni mpaka mtoni."

Nikapiga magoti mbele yake, sawasawa, kama nilivyofunzwa. "Asante kwa nguo, mama. Nimeipokea. Uliyosema ni kweli, mtu aliyefiwa avae nyeusi. Shikamoo."

Safari hii aliitikia. "Marahaba," akasema, kwa sauti ya chini, na nadhani hapo alianza kuelewa, maana alimgeukia mwanawe na hakuyaondoa macho.

"Lea," akaita Bernardo. "Lea, unakwenda wapi? Nguo hatujamaliza."

Mama yangu alikuwa bado amesimama katikati ya duka. Alikuwa na mengi ya kupoteza, masikini. Mbuzi wa mahari walikwishapanda Vugiri, shangazi walikwishaalikwa, na nyumbani alikuwa na mzee Lukasi wa kumweleza. Nilitegemea ataniita nirudi. Aliitazama ile satini iliyokunjwa, akamtazama Bernardo, akajitwika kikapu chake.

"Kwaheri, Sakarbai," akasema, akanifuata.

Barazani wanaume walitupisha. Fundi cherehani alikunja uso akatikisa kichwa, hakusema neno juu ya Mwamba. Bernardo hakutoka dukani. Nilitembea taratibu makusudi, nikiwaza labda anamalizia kusema na mama yake, labda anatafuta kofia. Mpaka tulipofika njia ya reli nilikuwa bado natega sikio kusikia viatu vyake.

Barabara ya Ngombezi ni ndefu kwa mtu mwenye nguo nyeusi. Waliokuwa wanarudi kutoka sokoni walishusha mizigo yao.

"Pole, dada. Nani?"

"Mchumba wangu."

"Yesu! Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Ni ghafla."

Mama hakunikanya. Kila nilipopewa pole aliitikia pamoja nami, "Tumeshapoa," kama inavyotakiwa, na mara moja nilimwona anajifuta kwa ncha ya kanga.

Kambini, Habakuki alikuwa amekaa juu ya sanduku lile lile la kusomea, ananoa panga lake. Aliponiona alirusha panga chini akaanza kuruka kama mbuzi.

"Jamani njooni! Mjane wa Mwamba! Eda haijaisha tu? Marehemu alikuachia nini, dada, daraja au treni? Nikurithi mimi, mimi hapa mdogo wake! Nilipe kuku, nitakuoa..."

Nikafika karibu. Akauona uso wangu. Mguu aliokuwa ameuinua akaushusha.

"Nani amekufa, Lea?"

"Bernardo."

"Bernardo yupi? Karani? Asubuhi nimemwona anadandia lori kwenda Korogwe, mzima kabisa, kavaa tai!"

"Yuko mzima," nikasema. "Yuko dukani kwa Hassanali, ameshika mwavuli wa mama yake."

Habakuki akamtazama mama yangu, kisha mimi, kisha ile kaniki. Alikuwa mtu wa maneno, alikuwa na neno kwa kila maiti. Nilikaa chini, hapo hapo nyuma ya tangi, kando ya kile kilima kidogo cha udongo ambacho wakataji walikitengeneza kwa mikono yao wakicheka.

"Yule wa gazeti alishika daraja zima mpaka watu wote wakavuka," nikamwambia. "Wangu nilimpa neno moja tu alishike, Habakuki. Neno moja."

Ndipo nikalia, safari hii bila kanga ya kunificha, na watu wa kambi wakaanza kutoka milangoni. Habakuki alivua kofia yake akakaa kando yangu. Hakudai kuku.